Nyasi za Msituni na Chai ya Maziwa

Juzi nilikuwa Naro Moru, chini ya mlima, katika ukumbi wa chifu, ambako ofisa wa misitu alikuja kuchukua maoni ya wananchi kuhusu mswada wa kuzuia moto mlimani. Alieleza vizuri: nyasi ndefu ndizo zinazobeba moto, kwa hivyo sheria itataka zipunguzwe.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani aliinua mkono. "Zitapunguzwa na nani?"

"Tutanunua mashine."

"Na ng'ombe wangu? Yeye hukata bure."

"Ng'ombe haruhusiwi msituni, mama. Anaharibu miti."

Mama alikunja mikono kifuani. "Sawa. Na hiyo mashine ikishiba, tutaikamua saa ngapi?"

Tulicheka. Ofisa alitangaza kwamba maoni yamepokelewa, maneno ambayo huku kwetu humaanisha twende tukanywe chai.

Chai ilikuwa nzito kwa maziwa. Aliyeimimina ni mama yuleyule, na maziwa yalikuwa yake. Nikamuuliza, kwa ukame huu, ng'ombe wake anakula wapi.

Mama alitazama kule msituni. Ofisa, aliyekuwa kando yangu, alisukuma kikombe chake mbele aongezwe.