Jina Nililolimeza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliwahi kumwacha mdogo wangu porini, ingawa mwili wake tuliondoka nao kwenye lori. Ukicheka sitakulaumu. Baba yangu, bwana shamba aliyesoma, alicheka pia.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Baba alikuwa amehamishwa kutoka Mbeya kwenda kijiji kipya upande wa Chala, huko kwao Ufipa, nasi tukasafiri na lori la serikali wakati wa masika, barabara tope tupu. Safari ya siku moja ikawa ya siku tano. Jioni ilipotukuta tulifunga turubai ubavuni mwa lori, tukakoka moto na kulala hapohapo, upepo ukituchoma masikio.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na desturi yake. Asubuhi, mizigo ikishafungwa, alisimama kando ya majivu na kumwita kila aliyelala pale kwa jina lake, naye aitike, "Nipo." Alisema ukilala njiani roho nayo hujitandikia. Usipoitwa, mwili unaondoka, roho inabaki, na siku hiyohiyo utaitwa usiitike. Tena mtu hajiiti mwenyewe. Bibi alipomaliza, baba alimwita, "Mama," naye akaitika, ndipo tukapanda.

Mdogo wangu Skolastika, wa miaka mitano, alikuwa wajina wa bibi, na hilo ndilo lilikuwa donda langu. Skola alikaa mbele na mama na dereva, mimi nikakaa juu ya magunia. Skola alifunikwa blanketi la bibi. Kikombe cha kwanza cha chai kilikuwa chake. Na kila asubuhi jina la kwanza kuitwa lilikuwa lake, tena kwa kubembelezwa: "Wajina wangu." Langu lilikuja mwisho, baada ya la dereva. Niliona wivu hata viazi nikavisusa.

Asubuhi ya tatu, kabla hatujafika Sumbawanga, bibi aliamka sauti imemkauka kwa baridi. Akaniita pembeni.

"Leo ita wewe, Leokadia," alinong'ona. "Wewe ndiye mkubwa."

Akaenda kufunga kapu lake. Nikasimama kwenye majivu, nikamwita baba, nikamwita mama, dereva, na bibi mwenyewe. Skola alikuwa ameshapakiwa mbele, amelala. Jina lake lilinifika ulimini nikalimeza. Nilifanya kusudi, na nilifurahi.

"Umetuita wote?" bibi aliuliza.

"Wote, bibi."

Tulipita mjini Sumbawanga Skola akiwa mzima, anakula muwa, nami nikaanza kuiona desturi ya bibi kuwa maneno tu. Alasiri mwili wa Skola ukachemka. Kabla ya Chala tope likatunasa, na zahanati ilikuwa bado mbali mbele yetu. Mama alimwita, "Skola, mwanangu," naye akamtazama tu. Baba alisaga klorokwini kwenye kijiko. Wote walimzunguka, hakuna aliyekumbuka kama mimi nimekula, na niseme ukweli: hata homa yake niliionea wivu.

Kisha bibi akainama. "Wajina," aliita kwa sauti yake iliyokwaruza. Mtoto hakuitika. Hapo nikajua kwamba Skola akifa, mimi ndiye niliyemuua.

Nilimvuta bibi kitenge, nikamwambia nilichofanya. Hakunipiga. Alinishika mkono tukaenda nyuma ya lori, akanigeuza nikatazama kule tulikotoka, nyasi tupu mpaka mwisho wa macho.

"Mwite."

Nikamwita. "Skolastika, njoo twende nyumbani." Nilimwita mpaka koo likauma, nikilia. Bibi akasubiri nimalize.

"Na wewe," akauliza, "asubuhi nani alikuita?"

Katika haraka ya kuficha kosa langu, nilisahau kwamba mtu hajiiti.

"Basi mlibaki wawili," alisema. "Afadhali. Hakuwa peke yake."

Akaanza kuniita. "Leokadia." Nikaitika, "Nipo." Hakuridhika, akaita tena, na tena, akikohoa katikati, akiikamua sauti ile iliyobaki kama mtu anayekamua nguo nzito. Mwisho ikawa midomo tu inacheza, na mimi naitika.

Alfajiri Skola aliomba uji. Baba alisema ni klorokwini, na huenda ni kweli, sijawahi kubishana naye. Skola mwenyewe siku hizi ni mkunga mstaafu, anakaa Katandala, mjini Sumbawanga, na nilipomsimulia namna nilivyomwacha alicheka, akasema ilikuwa malaria, dada, acha ushamba. Lakini sauti ya bibi haikurudi vizuri tena. Mpaka tunamzika alikuwa akisema kwa kunong'ona, na wageni walidhani ndivyo alivyozaliwa.

Miaka ile nilikuwa nikihesabu vikombe vya chai na nafasi za mbele. Sasa nikihesabu naona kwamba mdogo wangu alipewa jina la bibi, na mimi nilipewa sauti yake. Sehemu hiyo ya mwisho Skola sijamsimulia. Nadhani angenionea wivu.