Kulungu wa Arobaini

Tarehe tano Novemba mwaka jana nilimpoteza kaka yangu. Alikutwa ndani ya gari lake, kwenye maegesho ya ofisi yao kule Eden Prairie, mkanda ameshafunga, injini inaunguruma na hita inapuliza. Moyo, daktari alisema. Sikuuliza zaidi, maana sikuwa na la kufanya na jibu.

Tulimwosha watu watatu. Mimi nilikuwa upande wa mabega. Kwa kuwa alikufa kwenye gari lenye joto, kichwani mwangu nilitegemea kumkuta na joto kidogo. Ni ujinga, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye friji ya hospitali. Mabega yake yalikuwa mapana, ya mtu aliyezoea kuvuta upinde, na yalikuwa baridi kuliko maji niliyokuwa nikimmiminia.

Kaka alikuwa mwindaji. Nyumbani hatukuwinda hata ndege. Alikuja huku Marekani kusoma, akasoma, akapata kazi ya ofisini na nyumba Inver Grove Heights. Mimi nilimfuata baadaye na kidato changu cha nne, na mpaka leo nafua na kukunja mashuka kwenye nyumba ya wazee, Coon Rapids. Uwindaji alifundishwa na jirani yake, mzee wa Kimarekani mwenye msitu nyuma ya nyumba, unaoteremka kuelekea mto Mississippi. Kule bunduki hairuhusiwi karibu na makazi ya watu, lakini upinde unaruhusiwa. Kaka alifunga kiti cha chuma juu ya mti mmoja, kwa minyororo na mikanda, na kila mwaka alipata kulungu mmoja. Shemeji, mke wake, alimpika pilau na sambusa, na sisi watu wa nyumbani tulioko huku tulijua mwaka unaisha kwa sababu tumekula nyama ya kaka.

Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda kumwona shemeji. Alikuwa jikoni, anakaa eda, kavaa gauni lake jeupe.

"Shemeji," akaniambia, "arobaini sitaki kuku, wala mbuzi wa duka. Nataka kulungu. Wa kwenye mti wake."

"Mimi sijawahi kupata hata mmoja."

"Najua. Alikuwa ananisimulia." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Alisema unatetemeka mpaka majani yanadondoka."

"Basi?"

"Basi vaa vizuri."

Kutetemeka kwangu kulikuwa kweli. Niliwahi kwenda na kaka misimu miwili, yeye kwenye mti wake, mimi kwenye ngazi yenye kiti, kwenye mti wa karibu. Siku ya kwanza nilivaa kila nilichokuwa nacho, nikatembea nacho mlimani hadi kwenye mti, nikapanda nimelowa jasho. Hata jua halijatoka vizuri meno yalikuwa yanagongana. Kaka alinitazama kutoka kwenye mti wake, akanong'ona, "Umevaa kama mgonjwa wa malaria. Utaganda kama samaki wa friji." Tulipoteremka akanifungua zipu moja moja hadi akaifikia fulana ya ndani, akaivuta kwa vidole viwili kama anavyovuta mtu kitu kichafu. "Pamba," akasema. "Nani kakwambia uvae pamba? Pamba ikinywa jasho haikuachii."

Kwa hiyo nilijua namna ya kuvaa, kwa kuwa nilifundishwa kwa matusi. Ndani sufu nyembamba, juu yake sufu nzito. Koti kubwa halivaliwi njiani. Linafungwa mgongoni, unatembea polepole ukihisi baridi, na ukishafika juu na kujifunga mkanda wa usalama ndipo unalivaa. Mabuti yawe makubwa, vidole vya miguu vipate nafasi ya kucheza, maana soksi tatu ndani ya buti linalobana ni sawa na kwenda peku. Chini ya miguu unaweka kipande cha zulia, kwa sababu chuma cha kiti kinanyonya joto la mtu. Vile vifuko vidogo vinavyopata moto ukivitikisa, kaka hakuviweka mikononi peke yake. Kimoja alikibandika kiunoni nyuma, juu ya figo. Kwenye chupa ya chai alibeba uji mwepesi wenye tangawizi na pilipili manga. Yule mzee jirani alikuwa akimwita mwindaji wa uji. Kaka alimjibu, "Na wewe kahawa yako inakushusha mtini kila saa. Kulungu wanakujua kwa mkojo."

Kila nilipopata siku bila shifti nilivuka mji nikapanda mti wa kaka. Upinde ulikuwa wake pia. Shemeji aliutoa chumbani na kunipa mikononi. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kulenga kwenye karakana yao, umbali mfupi, na nilikuwa napiga vizuri kukiwa na joto. Mtini ni habari nyingine. Huwezi kusimama na kurukaruka. Huwezi kupiga mikono. Unakaa kama jiwe, na baridi inaanza kwenye vidole vya miguu, inapanda magotini, inakaa tumboni. Kaka alinifundisha kukaza misuli ya mapaja na kuiachia, kukaza na kuiachia, na mara mojamoja kuuvuta upinde taratibu bila kufyatua, mabega yasisahau kazi. Nilifanya hivyo. Siku nyingine nilifanya huku nalia, nikagundua kwamba machozi yakilowesha skafu, skafu inaganda. Nikaacha.

Wiki zikaenda. Kulungu walipita mbali, au walipita wakati nateremka. Shemeji hakunihimiza. Nikirudi alikuwa akiangalia viatu vyangu mlangoni kuona kama vina damu, kisha ananipa chai.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Arobaini ilikuwa Jumapili. Watu walishaalikwa, mchele ulishachaguliwa, na sufuria kubwa ya shughuli ilishaazimwa. Niliswali alfajiri sebuleni kwa shemeji, nikatoka kungali giza. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kukwaruza pua. Theluji ilikuwa kavu, inalia chini ya mabuti, na nilijua kila mnyama wa bonde lile amesikia ninavyokuja.

Nilikaa hadi jua likapanda. Uji ukaisha. Vifuko vya joto vikafa. Vidole vya mkono wa kulia nilivitia kwapani, ndani ya koti, nikawa navihesabu kwa kuvigusa kwa sababu sikuwa navisikia. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumwambia shemeji ndipo nikamwona. Jike, peke yake, anatembea akisimama, anatembea akisimama, hadi akawa karibu na mti.

Niliuvuta upinde. Mara ya kwanza haukuvutika. Mabega yalikuwa yamekakamaa. Mara ya pili ukaja. Nilisema bismillahi ndani ya skafu, Allahu akbar, nikafyatua. Mkono wangu ulitetemeka nilipofyatua. Niliuona mshale ukiingia, nikaona umeingia nyuma kidogo ya pale nilipotaka.

Akaruka, akaondoka mbio, akapotea kwenye vichaka.

Nikashuka. Mshale ulikuwa umepita ukachoma theluji, na damu yake ilikuwa nzito, karibu nyeusi. Nilikuwa na kisu cha kaka kiunoni. Kwetu ukimkuta windo lako bado hai, unamchinja, na ukimkuta amekufa kwa mshale uliosomewa jina la Mungu, unakula. Ndiyo maana kaka, akishapiga, alikuwa akishuka palepale na kisu mkononi na kufuata damu.

Yule mzee jirani aliniona kutoka kwenye banda lake, akaja na pikapu hadi ukingoni mwa msitu. Aliutazama mshale, akaunusa.

"Ini," akasema. "Huyu atakufa, lakini taratibu. Ukimfuata sasa atainuka na kukimbia hadi mtoni, na hutamwona tena. Muache alale. Njoo kwenye gari."

"Muda gani?"

"Masaa kadhaa. Jitazame mwenyewe, rafiki yangu. Midomo yako ya buluu. Hata kisu huwezi kukishika."

Nilijaribu kukishika kisu. Alisema kweli. Nikapanda kwenye pikapu.

Hita ilipoanza kufanya kazi vidole viliuma kiasi kwamba nilivitia mdomoni kama mtoto. Mzee alinipa kahawa. Tulikaa pale, tukaenda kwake, tukarudi. Alinisimulia habari za kaka, jinsi walivyogombana kila mwaka juu ya jambo hilohilo la kusubiri. "Mbishi kama nguruwe," akasema, kisha akakumbuka ninachokifikiria juu ya nguruwe, akaniomba radhi, tukacheka wote wawili. Nilikuwa na joto mwili mzima. Nilifurahi. Kichwani nilikuwa nimeshamwona shemeji akifungua mlango.

Tulifuata damu mchana. Kulungu alikuwa amelala mahali, chini ya mwerezi, theluji imeyeyuka kwa umbo lake. Hakuna mtu aliyemfukuza, lakini alikuwa ameinuka mwenyewe. Nyayo zilitoka pale zikiburuza, zikateremka hadi kwenye bwawa dogo lililo chini ya mlima. Mzee alisema wanyama waliojeruhiwa hutafuta maji. Barafu ya ukingoni ilikuwa imara, lakini kidogo mbele, palipo na chemchemi, ilikuwa nyembamba. Palikuwa na tundu. Kulungu alikuwa ndani ya tundu, mgongo na sikio moja juu ya maji.

Tulimvuta kwa kamba yenye ndoano. Alikuja mzito, anatiririka, na maji yalianza kuganda kwenye manyoya yake tukiwa tunamtazama. Mzee alinipiga begani. "Umempata," akasema. "Umempata, mwanangu."

Mimi nilitoa simu. Shehe wetu wakati wa wiki ni muuguzi, na Jumamosi huwa nyumbani.

"Ulisoma bismillahi?" akauliza.

"Nilisoma."

"Umemkuta wapi?"

"Kwenye maji, shehe. Barafu ilipasuka."

Nyuma yake nilisikia watoto wakigombana kwa Kiingereza, naye akawanyamazisha kwa Kiswahili. Kisha akarudi.

"Mshale ulimpiga wapi? Kama ni moyoni au shingoni, tutasema mshale ndio uliomuua, na maji yalimkuta ameshakwisha."

Nilimwangalia kulungu. Tundu la mshale lilikuwa linaonekana. Shehe alikuwa mbali, Brooklyn Park, wala asingekuja kumkagua.

"Ini," nikasema. "Nyuma ya mbavu."

"Una hakika?"

"Nimeona damu. Na alitembea mwenyewe hadi bwawani, nyayo zipo."

"Basi hatujui ni mshale au ni maji. Usimle, ndugu yangu. Wala usiwalishe watu."

"Ni arobaini ya kaka, shehe."

"Najua ni arobaini ya nani. Nami nitakuja kesho kusoma. Usimle."

Mzee hakuelewa lugha, ila alielewa uso wangu. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi, kichwa chake cheupe wazi kwenye baridi ile.

"Lakini nyama ni safi," akasema. "Imekaa kwenye friji ya Mungu mwenyewe."

"Najua."

"Kaka yako angefanyaje?"

"Kaka angeshuka palepale."

Akaangalia mabuti yake. "Ndiyo," akasema. "Angeshuka." Tulimpakia kulungu kwenye pikapu, nikamwambia amchukue yeye, watoto wake na majirani wake wamle, asitupwe. Akasema sawa. Alipoondoka aliendesha polepole sana, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Nilitembea kwa miguu hadi kwa shemeji. Alikuwa ameniona dirishani, akafungua mlango kabla sijabisha, na macho yake yakaenda kwenye mabuti. Safari hii yalikuwa na damu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umepata?"

"Nimepata."

"Yuko wapi?"

Nikamwambia, nimesimama palepale mlangoni, baridi inaingia ndani. Nilimwambia mshale, damu, pikapu, bwawa, shehe. Nilimwambia nilivyoulizwa mara mbili na nilivyojibu. Nyuma yake vitunguu vilikuwa vimeshakatwa, beseni zima, na jikoni kulikuwa na mvuke.

"Ungesema ni moyoni," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Nami ningepika."

"Ndiyo, shemeji."

Akaenda kuzima jiko, akavaa koti lake refu juu ya gauni jeupe, akafunga mtandio, akatafuta funguo. Nilimwambia abaki, niende mimi, yuko edani. Akasema kwenda kununua chakula cha khitma ya mumewe hakuna atakayemlaumu, na atakayemlaumu aje kesho amwambie mbele ya watu. Tukaenda na gari langu. Mimi nilikuwa nimeanza kutetemeka tena ingawa hita ilikuwa imewashwa hadi mwisho.

Duka la nyama lilikuwa karibu kufungwa. Muuza nyama, kijana wa Kisomali, alitusalimia, akatupa pole, kwa kuwa alimjua kaka. Akauliza tunataka ya mbuzi au ya ng'ombe. Shemeji alikuwa anaangalia vipande nyuma ya kioo.

"Ya mbuzi," nikasema mimi.

"Kilo ngapi?"

Nilimgeukia shemeji. Alikuwa amegeuka, anaangalia mlango.

Nikamwambia kijana atukatie mbuzi mzima.