Ncha Niliyoifunga Upya

Nilimwahidi Mzee Athumani jambo moja, mchana, tukiwa tumeketi kwenye benchi la hospitali, naye amepakata viatu vya binti yake: kwamba sitamfundisha mtu yeyote kusuka kamba kabla ya kumweleza jinsi binti huyo, Mwamini, alivyopoteza jicho lake la kushoto, na mahali nilipokuwa nimesimama mimi. Hakuniomba niape. Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kuvitazama vile viatu.

Juma lililopita vijana wanne wa Kimisagara, mtaa wetu hapa Kigali, walinijia baada ya kuona picha ya zamani ya kazi ya mikono yangu, wakaniomba niwafundishe. Ninawaandikia wao, na wewe pia. Kwa kawaida maneno ya namna hii hutolewa na mwenye mvi, naye humwita msomaji mwanangu. Mimi sijafikisha miaka thelathini. Nitakuita mdogo wangu, na nitakuomba unisikilize kwa sababu ya kosa langu tu, maana umri sina.

Mwaka niliomaliza chuo nilirudi kuishi kwa wazazi wangu Kimisagara, nikisubiri kazi. Sikutaka kukaa bure. Katika simu niliona video ya mtu akisuka mjeledi kwa kamba za nailoni, akianza na nyuzi kumi na mbili nene kwenye mpini, akizipunguza mbilimbili hadi zikabaki nne mwishoni, na kazi yote ikiwa laini kama ngozi ya nyoka. Lugha yake sikuielewa. Nilizima sauti, nikaipunguza kasi, nikaitazama mara nyingi hadi vidole vyangu vikaanza kujongea vyenyewe. Nilipanda hadi Gatsata, kwenye gereji, nikapewa gololi ndogo za kutia ndani ya kamba ili mjeledi uwe na uzito. Kamba nilizipata sokoni Nyabugogo, rangi nilizozitaka.

Mjeledi wangu wa kwanza ulivimba katikati kama nyoka aliyemeza panya. Wa pili ulijipinda. Ndipo nilipopeleka kazi yangu kwa Mzee Athumani, fundi cherehani ambaye kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Babu yake alikuja Kigali na wafanyabiashara kutoka pwani, na mzee mwenyewe alikuwa ameshona kanzu na kofia za mtaa mzima kabla sijazaliwa. Mimi nililelewa Bukoba, wazazi wangu wakiwa wakimbizi huko, na jambo hilo lilimchekesha kila nilipofungua kinywa.

"Wewe na Kiswahili yako ya kitabu," aliniambia siku hiyo. "Lete nione. Hii kitu iko ya nini?"

"Ni mjeledi, Mzee. Ninajifunza."

Aliupitisha kati ya vidole, taratibu, kama anayetafuta mshono uliofumuka. "Mjeledi. Sasa ng'ombe iko wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia hakuna ng'ombe, ni sanaa tu, watu wa nchi za mbali huitengeneza kwa kujifurahisha. Nadhani alitaka kusema neno, lakini alikuwa mtu aliyependa mikono yenye bidii, na mimi nilikuwa nimemjia kwa heshima. Akanifungia nyuzi kwenye nondo ya dirisha lake, akanifundisha kuvuta kila uzi kwa nguvu ileile, bila haraka, na kutia nta ili usiteleze. Miezi mitatu nilisimama kwenye dirisha lile kila alasiri. Sijawahi kuwa na furaha iliyotulia kama ile, na sitasema uongo kuhusu hilo.

Jambo moja la ufundi nitakueleza, kwa sababu bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Mwisho kabisa wa mjeledi hufungwa ncha, uzi mwembamba uliosokotwa, usiozidi urefu wa kiganja. Ncha ndiyo inayotoa mlio, na ndiyo inayochakaa. Mjeledi ukining'inizwa ukutani mwaka mzima, ncha yake hubaki kama ilivyofungwa. Ukitumiwa, ncha hufumuka na kuwa kama manyoya. Ncha zangu nilizisokota kwa uzi mweupe wa kushonea vifungo vya makoti, aliokuwa akinipa Mzee Athumani.

Siku niliyoupigisha mlio mjeledi wangu kwa mara ya kwanza uani kwetu, jirani yetu mmoja mzee aliingia ndani, akafunga mlango na dirisha, asitoke hadi jioni. Niliona. Nikadhani ni kelele tu zilizomkera.

Wa saba ndio uliokuwa mzuri kuliko yote: mweusi na kijani, mpini wa mti wa mvule, msuko usio na pengo hata moja. Niliutoa zawadi kwa Saidi. Saidi alikuwa akiuza vipuri Gatsata, ndiye aliyenipa zile gololi, na alikuwa mume wa Mwamini, binti wa pekee wa Mzee Athumani. Mtu mcheshi, aliyewasalimu wazee kwa mikono miwili. Walipohamia nyumba yao ya Kagarama nilikwenda kuwapongeza, nikapigilia msumari sebuleni kwa mkono wangu, nikautundika.

"Sasa nimekuwa chifu," Saidi akasema, na sote tukacheka. Mwamini alikuwa jikoni.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa, Jumamosi ya umuganda, kazi za pamoja za mtaa zilipokwisha na njia kufunguliwa. Saidi alikuwa bado kwenye mkutano wa mtaa. Mwamini alinikaribisha chai. Jua lilikuwa kali, naye amevaa blauzi ya mikono mirefu iliyofungwa hadi kwenye vifundo vya mikono. Aliketi ukingoni mwa kiti, akasema bila kunitazama:

"Shemeji, hii kamba yako, leo uondoke nayo."

"Kwani ina kasoro?"

"Haina kasoro. Ndiyo maana."

Mdogo wangu, nimesoma miaka mingi. Nimeandika insha kuhusu haki na utu wa mtu, nikasifiwa. Na jibu lile, lenye maneno manne tu, sikulielewa. Nilidhani amedharau kazi yangu. Nikaanza kumweleza: nyuzi kumi na mbili, nta, siku kumi na moja za kusuka. Nikauteremsha ukutani ili aone vizuri. Aliegemea nyuma.

Hapo ndipo nilipoiona ncha. Ilikuwa imefumuka yote, nyeupe na yenye manyoya.

Nirudie, ili usidhani nilipitiwa: niliiona. Hakuna mtu Kigali aliyejua maana yake vizuri kuliko mimi niliyeifunga. Maana hiyo nikaifukuza upesi kwa wazo lililokuwa rahisi zaidi, kwamba Saidi huwa anauchezea uani. Kisha mikono yangu ikafanya ilichozoea. Mfukoni nilikuwa na kibonge cha uzi wa Mzee Athumani. Nikaikata ncha ya zamani, nikasokota mpya, nikaifunga, nikaichoma mwisho kwa kiberiti ili isifumuke.

Mwamini alinitazama nikifanya hayo tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, alikusanya vikombe.

Saidi aliingia na viatu vya tope. Aliniona na mjeledi mkononi, akamwona mkewe mlangoni.

"Anakuomba uitoe? Anaiogopa kama nyoka huyu. Mabinti wa Kimisagara, sha, ndugu yangu, waoga."

Nikacheka. Sikucheka kwa sababu ilichekesha. Nilicheka kwa sababu nilikuwa mgeni wake. Nikautundika tena kwenye msumari wangu, nikaaga.

Siku tisa baadaye Mzee Athumani alikuja kwetu asubuhi, kanzu yake haijafungwa shingoni. "Twende," akasema, "Mwamini iko hospitali." Pale hospitali kiongozi wa mtaa wao wa Kagarama alikuwa amesimama kwenye ujia na mfuko wa karatasi. Majirani walikuwa wamesikia mayowe ya Mwamini, wakavunja mlango, wakamshika Saidi, na sasa kiongozi alikuwa akingojea polisi waje kuchukua kilichokuwa ndani ya mfuko. Mzee akaomba akione. Kiongozi akasita, kisha akaufungua mdomo wa mfuko bila kukitoa.

Mzee Athumani aliingiza mkono. Hakuhitaji kuangalia. Vidole vyake vilishuka kwenye msuko, vikapita nyuzi nane, vikapita nne, vikafika mwisho, vikasimama.

"Huu uzi ni wangu," akasema.

Akaupapasa tena.

"Wa makoti. Tena mpya." Akanigeukia. "Ulifunga lini?"

Ningeweza kusema sijui. Daktari alikuwa ametoka kutueleza kwamba kitu chembamba kilipita juu ya jicho la kushoto na kulipasua, na kwamba hawataweza kuliokoa. Nilimwambia: Jumamosi ya umuganda. Nikamweleza kila kitu, chai, mikono mirefu, ombi lake, ncha iliyofumuka, kicheko. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akatafuta benchi kwa mkono kama kipofu, akaketi. Muuguzi akamletea viatu vya Mwamini.

Maneno aliyoniambia pale nimeyahifadhi kama alivyoyasema.

"Siku ya kwanza nilikuuliza ng'ombe iko wapi. Ulicheka, na mimi nikanyamaza. Baba yangu alichapwa viboko mbele yangu, enzi ya wazungu, kwa sababu alichelewa kwenye kazi ya barabara. Nilihesabu. Nilikuwa sijui kuhesabu vizuri, lakini nilihesabu. Katika nchi hii ng'ombe tunamchunga na fimbo, tunamgusa nayo, tunamwimbia. Hii kitu haijawahi kuwa ya ng'ombe hapa. Ilikuja kwa ajili ya mgongo ya mtu. Mimi nilijua, na nikakupa nta, kwa sababu mikono yako ilikuwa mizuri. Hiyo ni yangu, nitaibeba mwenyewe. Lakini ncha ni yako. Mtoto wangu alikuomba uondoe. Wewe ukamnolea."

Nilitaka kuomba msamaha. Akanyanyua kiganja.

"Usiniombe mimi. Sema kwa watu. Na usijitoe ndani ya hadithi."

Ndipo nilipotoa ahadi niliyoanza nayo.

Mahakamani Saidi alisema mjeledi ni zawadi, waulizwe walioutengeneza. Niliulizwa, nikasema ni mimi, na ncha ni mimi, na kwamba niliombwa kuuondoa na sikuuondoa. Hakimu aliandika. Saidi alifungwa. Sheria haikuwa na neno la kuniambia mimi, na nilipotoka nje niligundua kwamba nilikuwa nimetumaini ingekuwa nalo.

Mijeledi sita iliyobaki niliipeleka kwenye kibanda cha Mzee, naye akanipa mkasi wake mkubwa wa vitambaa. Nailoni iliyosukwa vizuri haikatiki kirahisi. Ilinichukua alasiri nzima, na viganja vyangu vikatoa malengelenge. Gololi zilimwagika sakafuni, na hadi leo hujitokeza chini ya cherehani. Mwamini ndiye anayezikuta. Amerudi kwa baba yake, anashona sare za shule. Kutunga uzi kwenye sindano hufanya kwa kupapasa, kwa sababu jicho moja humdanganya umbali, na watu wakimwonea huruma huwaambia, "Leteni kitambaa, huruma haishonwi." Mimi ananisalimu. Siku moja tu alizungumza nami kuhusu jambo lile. Alisema kwamba Jumamosi ile, nilipoitazama ncha, alijua kuwa nimejua, akapumua. Alidhani sasa yamekwisha. Kisha akaniona nikitoa uzi mfukoni.

Nilimwambia kwamba ninawaandikia vijana hawa wanne barua hii, nikamuuliza kama nikubali kuwafundisha. Alishona hadi mwisho wa pindo kabla ya kujibu. "Wafundishe mikanda ya mifuko," akasema. "Na kamba za kufungia ndama. Lakini soma kwanza hiyo barua yako mbele yao, mimi nikiwapo."

Kwa hiyo nitasoma, Jumamosi, kwenye kibanda cha Mzee Athumani. Mdogo wangu, ninachokushauri ni hiki. Uzuri wa kazi yako usiufanye kisingizio cha kutouliza itatumika kwa nani. Kabla ya kuanza kusuka, jibu swali la mzee kwa kweli, na ukikosa jibu, acha nyuzi zako chini. Fundi husoma alama ambazo wengine hawazioni, na ukishaisoma alama, huwezi tena kusema hukujua. Na mwenzako akikuchekea ubaya wake, usimsindikize kwa kicheko chako, hata kama umeketi kwenye kiti chake na kunywa chai yake. Mungu akujalie mikono yenye ustadi, na ayatulize macho yako mahali panapouma, usiyageuze.

Nami nakuomba jambo moja. Kama kuna kitu ulichokitengeneza kilichotundikwa nyumbani kwa mtu, nenda leo ukakitazame. Na mtu wa nyumba ile akikuomba uondoke nacho, usimuulize kina kasoro gani. Ondoka nacho.