Sikuiona ngome, nilikuwa mazikoni

Leo nimemzika Mjerumani nisiyemjua, na nusura meli iniache.

Tumeshuka asubuhi kwenye mji mdogo wa kale kando ya mto Rhine, mimi na binti yangu Zuhura. Mwongoza watalii, mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu, anatupandisha ngomeni.

Mara jeneza likatoka kanisani. Nyuma yake watu hawafiki kumi.

Miguu ikaenda yenyewe. Kwetu Mombasa jeneza likikupita unalisindikiza, japo hatua chache.

Zuhura akanivuta koti. Kwa Kiingereza chake cha Minnesota akaniambia, "Baba, hatujaalikwa."

Mazishi yana kadi tangu lini?

Nikawafuata mpaka makaburini. Wao walitia udongo kwa koleo dogo, wakipokezana. Zamu yangu ilipofika nikainama, nikatia kwa mkono, kama nilivyolelewa.

Mjane wa marehemu, koleo mkononi, akanitazama. Nikasema basi, hapa nafukuzwa.

Akaliweka koleo chini. Akachota udongo kwa mkono wake.

Niliporudi melini, mama wa mwavuli akanigombeza mbele ya abiria wote, eti nimewachelewesha, na ngome sikuiona.

Sawa, sikuiona.

Na nyinyi jamaa zangu wa Crystal na Woodbury, huko Minnesota, mnaotaka kuniambia marehemu hakuwa wa dini yetu, andikeni hapo chini, nitasoma. Kucha zangu bado zina udongo.

Kesho tuna mji mwingine na ngome nyingine. Jeneza likipita, mwavuli na utangulie.