Meno Sita ya Shafti ya Sericho

Mwanamume kutoka Sericho aliingia karakana yetu asubuhi, shafti, mhimili wa chuma wa kuzungushia mashine, begani, damu iliyokauka ikiwa kwenye kola ya shati lake. Alitoa salaam aleikum, akailaza shafti mbele ya mzee aliyenifundisha kazi. Upande mmoja meno yalikuwa yamelika yote, chuma kimebaki laini.

"Ni ya pampu ya kisima," alisema. "Injini inazunguka, pampu haizunguki. Siku ya tatu hii ng'ombe hawajanywa. Jana watu wamepigania matope yaliyobaki kwenye birika. Ndugu yangu amepasuliwa kichwa."

Chuoni nilifundishwa kukata meno ya shafti kwa mashine yenye kisu cha duara, kinachozunguka na kuacha mwanya safi kwa mara moja. Hapa Isiolo sisi tulikuwa na shepa. Kisu chake ni kimoja, kimefungwa kwenye kichwa kizito kinachosukumwa mbele kwa kishindo, kinarudi, kinasukumwa tena, mpaka mwanya ufike kina chake. Halafu unazungusha shafti kwa kuhesabu matundu kwenye sahani ya chuma inayoishikilia, unaanza mwanya mwingine. Ukikosea tundu moja, umeharibu kazi. Na ukiifungua shafti katikati ya kazi bila kuweka alama, huirudishi tena mahali pake.

Siku hiyo kwenye shepa palikuwa na ekseli ya lori la mchanga, imefika nusu. Dereva wake alikuwa amekaa juu ya tairi tangu tufungue.

"Nikimaliza mwanya huu naitoa," mzee alimwambia. "Ya kisima ina meno sita tu. Yako nitaweka alama, nitairudisha."

"Hutoi."

"Ng'ombe wanakufa, kijana wangu."

"Si ng'ombe wangu."

Mzee alinyoosha mkono kwenye swichi ili aizime mashine. Dereva akampiga mkono huo kwa spana ya magurudumu. Nilisikia mfupa ukivunjika, na nikashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo. Yule wa Sericho akamrukia, wakaanguka juu ya mabaki ya chuma kilichochongwa, wakang'atana, wakakwaruzana. Dereva ndiye aliyewahi kusimama. Aliinua spana juu ya kichwa cha mwenzake aliyekuwa bado amepiga magoti.

Nilikuwa na nyundo mkononi. Nilimpiga begani kwa nguvu zangu zote. Mpaka leo sina hakika kama nililenga bega. Aliyumba, akatupa mkono kwenye mashine ili ajizuie, na kichwa cha shepa kikaja mbele.

Hakulia mara moja. Aliutazama mkono wake. Nilipozima umeme, vidole viwili vilikuwa mezani, katikati ya mabaki ya chuma.

Majirani walimpeleka yeye na mzee hospitalini kwa pikapu moja, wametazamana. Polisi walipofika niliwaambia, "Nimempiga mimi." Waliandika, wakaniambia nisitoke mjini.

Mtu wa Sericho alikuwa ameketi sakafuni, mdomo umechanika. "Dada," alisema, "sasa nani atakata?"

Nilitamani kumpiga yeye pia. Badala yake niliosha meza kwa mafuta ya taa. Kisha niliifungua ekseli ya lori bila kuweka alama. Sikusahau. Nilitaka iharibike.

Nilijaza shafti ya kisima kwa kuchomelea, nikaichonga duara kwenye lethi, mashine ya kuchongea, nikaifunga kwenye shepa. Nilihesabu matundu kwa sauti nisikosee, naye mtu wa Sericho akahesabu pamoja nami kwa Kiborana. Jioni aliondoka nayo. Kesho yake alipiga simu, nikasikia ng'ombe wakilia nyuma yake. "Inazunguka," alisema, akakata.

Mkono wa mzee uliunga vibaya, hakushika kisu tena. Dereva alirudi baada ya wiki kadhaa, bandeji mkononi. Kesi hakuifuata, hata yeye alikuwa na ya kujibu.

"Ekseli yangu iko wapi?"

"Niliiharibu kwa makusudi," nikasema. "Nimekutengenezea nyingine."

"Ningekuwa na mikono yote miwili, ningekupiga hapo ulipo."

"Najua."

Aliinama kuinua ekseli. Mkono wenye bandeji haukuweza kushika, ekseli ikamponyoka na kuangukia sakafu. Alitukana, akajaribu tena, ikaanguka tena. Jasho lilimtoka. Nilishika upande mmoja. Alishika ule mwingine kwa mkono mzima, tukaibeba mpaka kwenye lori, na hakuna aliyemtazama mwenzake.