Mama Mkwe Aliongea na Mashine Niliyofunga Mimi

Admin, jina langu usiliweke, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, naishi Kitengela, niko na mke na watoto wawili. Mkitaka kunitukana nitukaneni tu. Sidhani nitasikia kitu.

Miaka ya elfu mbili, hapo katikati, nilikuwa kijana wa kompyuta kwa ofisi ya mfanyabiashara mmoja wa mifugo hapa Kitengela. Mdosi alisikia simu za ofisi zinaweza kupitia intaneti, akaniambia, "Wewe si unajua kompyuta? Tengeneza." Haki sikuwa najua. Nilienda saiba ya intaneti nikaprinti maelezo ya wanaoanza, nikatoa kompyuta nzee stoo nikaifanya seva, ile ya kupokea simu zote na kuzigawa, kila meza nikaipa namba yake. Siku ya kwanza mapokezi walipopigia mdosi na ikaita, watu walipiga makofi. Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Yale maelezo yalisema simu isiposhikwa, mashine imjibu mtu na irekodi ujumbe wake. Nikafuata. Sauti ilikuja na programu yenyewe, ya mwanamke anaongea Kizungu cha polepole. Nilipanga kuwafundisha watu kusikiza hizo jumbe Jumatatu, lakini Jumatatu nikatumwa Kajiado kufunga simu za branch yetu. Niliporudi nilikuwa nimesahau kabisa. Kwa hiyo watu walikuwa wanaacha ujumbe na hakuna mtu ofisini alijua.

Nashipae, ambaye leo ni mke wangu, alikuwa karani hapo. Alikuwa amekosana na mamake, aliyeishi kijijini Mashuuru. Baba zake wadogo walitaka kumwoza kwa mzee fulani na mama akanyamaza. Nashipae akakasirika, akabadilisha laini. Namba pekee mama alibaki nayo ni ya ofisi.

Siku moja binamu yake akaja. Mama amefariki, alikuwa amelala mgonjwa mwezi mzima. Nashipae akamuuliza kama mama aliacha neno lolote. Binamu akashangaa. "Si alikuwa anakupigia? Kila mara alituambia ameongea na msichana wa ofisi, na atakwambia."

Msichana wa ofisi ni nani kama si Halima wa mapokezi, rafiki yake wa kula naye lunch kila siku. Nashipae alimwendea mbele yetu sote. "Halima, mamangu alikukosea nini?"

"Wallahi, Nashipae, sijawahi kuongea na mamako!"

Hakuna aliyemwamini, hata mimi. Mwezi haukuisha, Halima akaacha kazi mwenyewe.

Baadaye seva ikajaa, nikaingia kufuta vitu. Nikakuta jumbe sita za yule mama. Zote za saa saba, wakati Halima alikuwa akienda kuswali. "Takwenya, msichana wangu," anaisalimia mashine Kimaasai, halafu ananyamaza, anangoja aitikiwe. "Ambia Nashipae ile maneno ya kuolewa nimekataa mimi mwenyewe. Akuje nyumbani. Mimi ni mgonjwa kidogo." Ya mwisho sauti ilikuwa chini sana. "Asante, mama. Najua utamwambia."

Nilisikiza zote sita. Nikaziweka kwa CD, nikazifuta kwa seva, nikaenda kula. Nilimaliza sahani yote. Hiyo ndiyo inanishangaza mpaka leo, kwamba nilimaliza.

Baada ya miaka miwili nilimwoa Nashipae. Sikumwoa kwa huruma, nilimpenda, na bado nampenda. Lakini hata leo, akiwa anachagua maharagwe tu, utamsikia, "Mama alienda akiwa amenikataa." Mimi namwambia pole. Miaka yote hiyo ni pole tu.

Mwezi uliopita mtu akabisha geti. Halima! Alisema anajitayarisha kwenda Hija, na mtu haendi huko kabla ya kuomba msamaha kwa wale amewakosea. Akakaa kwa kiti, akaanza kulia.

"Nisamehe, dada yangu. Nilikuwa naapa, lakini nimefikiria sana. Pengine nilishika simu kweli nikasahau. Siku hizi hata ni kama naisikia sauti ya mamako."

Nashipae akamshika mikono. "Nimekusamehe, Halima. Kutoka moyoni." Wakalia pamoja. Mimi niliambiwa nilete chai, nikaleta. Halima akapokea kikombe akaniambia, "Asante, ndugu yangu, umemtunza vizuri." Nikasema karibu.

Tangu siku hiyo mke wangu amekuwa mwepesi, anaimba jikoni. Nikiongea, atajua mamake hakumkataa, na atajua pia amelala na nani miaka hii yote. Nikinyamaza, Halima atasafiri wiki ijayo kwenda kumlilia Mungu kwa kosa langu.

Nyinyi ambao hamtujui, nisaidieni na akili. Nimwambie nani kwanza, na naanza na neno gani?