Siku Kivuva Alipotorokea Dirishani

Mume wangu alipotea katikati ya wimbo.

Ilikuwa Kasikeu, 1978, Jumamosi mchana. Ukumbi umejaa, vumbi mpaka darini. Kivuva anaimba ule wimbo wake wa mapenzi. Mara akatazama mlangoni, akaangusha gitaa, akatorokea dirishani.

Na alikuwa mnene!

Nilimkuta nyumbani amejifungia.

"Baba Mbinya, kwani uliona nyoka?"

"Afadhali nyoka."

Basi.

Siku hizo hatukuwa na simu za kuandikia "inasemekana". Tulikuwa na Ndolo, muuza santuri, na spika juu ya mlango wa duka lake. Kati ya wimbo na wimbo, anatangaza mambo ya wanamuziki.

"Inasemekana Kivuva ana mwanamke Mwingi! Mwenye mke alikuja na panga!"

Watu wakajaa dukani. Harusi ya Kibwezi ikafuta mwaliko wake wa kupiga. Nyingine nayo ikafuta. Kivuva akaanza kutafuta mtu wa kununua gitaa.

"Si useme ukweli?" nikamwambia.

"Nitamvunjia mtu heshima."

Mtu gani? Nikafunga nguo zangu, nikaenda kwa mama.

Mama yangu, Syombua, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Kwake dansi ilikuwa mlango wa jehanamu. Nikamweleza yote. Akaacha kupepeta ndengu.

"Mumbua, rudisha hizo nguo kwako. Lakini kwanza tupitie sokoni."

Akaingia kwa Ndolo, akamnyang'anya maikrofoni.

"Hakuna mwanamke wa Mwingi. Aliyemkimbiza Kivuva ni mimi, mama mkwe wake! Nilijifunika leso nikaenda kumsikiliza. Leso ikaanguka. Huyo kijana anaimba, jamani!"

Soko zima likacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Kwetu Wakamba, mwanamume humkwepa mama mkwe hata njiani. Sembuse kumwimbia mapenzi ana kwa ana!

"Mama, si mngeniambia?" Ndolo akalalamika.

"Wewe ulimuuliza nani?"

Kanisani walimkalisha mama kiti cha nyuma kwa kwenda dansi. Akasema huko kuna hewa nzuri.

Wewe unayetaka kutuma habari ya mtu maarufu, muulize kwanza. Akinyamaza, mwache. Pengine anamsitiri mtu.

Mama alitangulia. Kivuva tulimzika mwaka jana.

Gitaa sasa analo binti yetu Mbinya. Analipiga kanisani kila Jumapili.